Naomba ushauri: siku ya familia kwenye bustani ya umma inayojaa watu, tukiwa na bibi na mtoto mdogo

Mama wa Wawili:
Ndugu wanajukwaa, nawasalimu na kuomba ushauri wenu. Mwishoni mwa wiki tunakusudia kwenda na familia nzima kwenye bustani ya umma inayopendwa sana, na kwa sababu hiyohiyo hujaa hadi mahali pa kutandika mkeka panagombaniwa. Tutakuwa watu wazima wanne, binti yangu wa miaka minane, mdogo wake wa miaka miwili ambaye akishushwa chini tu huanza kukimbia, na mama mkwe wangu, ambaye magoti yanamsumbua na hawezi kusimama kwa muda mrefu. Ndani kuna uwanja wa michezo ya watoto, bwawa lenye bata, njia za kutembelea na miti mikubwa.

Kinachonisumbua ni hiki: katika matembezi ya namna hii mzee huketishwa kando na kukabidhiwa mikoba, wengine wakatawanyika, kisha jioni akaulizwa kama amefurahi, naye kwa staha yake akajibu kwamba amefurahi. Sitaki iwe hivyo kwa mama yetu. Wakati huohuo mdogo anahitaji macho kila dakika, na dada yake ana hamu ya kukimbia na wenzake. Tupange vipi ili siku iwe ya wote?

Mtunza Bustani Mstaafu:
Dada, anza na mahali atakapokaa bibi, kisha mengine yote yapangwe kutokea hapo. Familia nyingi hufanya kinyume: hufuata bembea kwanza, halafu mzee hutafutiwa pembe yoyote iliyobaki. Ikiwezekana, mmoja wenu apite bustanini siku moja kabla, aangalie choo kiko umbali gani, njia ina ngazi au changarawe nyingi kiasi gani, na ni mti upi unaoonekana vizuri kutoka uwanja wa michezo. Bibi akikaa mahali anapowaona wajukuu wakicheza, na wao wakaweza kumkimbilia na kurudi, tayari yumo ndani ya siku.

Kuhusu kivuli, kumbuka kwamba kinahama. Asubuhi jua likiwa mashariki, kivuli cha mti huangukia upande wa magharibi, na alasiri huwa upande wa mashariki. Mtu anayetandika mkeka kwa kufuata kivuli cha asubuhi hujikuta juani ifikapo alasiri, na kufikia saa hiyo bustani imejaa, hana pa kuhamia. Kwa hiyo fikeni mapema, mchukue upande wa mashariki wa mti wenye matawi mapana, mkivumilia jua la asubuhi ambalo bado si kali, au mkijikinga kwa mwavuli. Epukeni mti wenye matawi makavu juu.

Mkeka ni mzuri kwa watoto, lakini si kwa magoti yanayouma. Mbebeeni kiti chenye egemeo na mikono, kisiwe kifupi, kwa maana kazi ngumu kwake ni kuinuka. Mabenchi ya bustani mengi ni mafupi na hayana mikono, tena huwezi kuyategemea siku ya watu wengi.

Muuguzi wa Watoto:
Nakubaliana na aliyetangulia, na mimi nitasema juu ya mdogo. Mtoto huweza kupotea machoni mahali penye watu wazima wanne kwa urahisi uleule kama penye mmoja, kwa kuwa kila mmoja hudhani mwenzake anamtazama. Wekeni zamu. Mtu mmoja ndiye mwangalizi kwa nusu saa, bila simu mkononi, na zamu ikiisha amkabidhi mwenzake kwa maneno, asikike akijibu kwamba amepokea. Zamu hizi zinawahusu nyinyi wanne. Bibi asihesabiwe, kwa kuwa hawezi kumkimbilia mtoto, na si haki kumbebesha jukumu ambalo mwili wake haumruhusu.

Karibu na bwawa, mtoto wa miaka miwili awe umbali wa kufikiwa kwa mkono, si umbali wa kuitwa. Mtoto huweza kuzama katika maji ya kina cha sentimita chache, na mara nyingi huzama kimyakimya, bila kupiga kelele wala kurusha mikono. Iwapo ataonekana hayupo, mtu wa kwanza akimbilie majini kabla ya kutafuta kwingine.

Asubuhi hiyo wapigeni watoto picha wakiwa na nguo walizovaa, na mwandike namba ya simu mkononi mwa kila mmoja. Binti wa miaka minane aelezwe kwamba akipotezana nanyi asimame palepale, na akihitaji msaada amwendee mfanyakazi wa bustani au mama aliye na watoto.

Babu wa Wajukuu:
Nimesoma kwa makini, lakini naona mnapanga mambo ya bibi bila bibi. Je, ameulizwa? Sisi wazee hatufanani. Wapo wanaopenda kutembezwa polepole na kuelezwa kila kitu, na wapo ambao furaha yao ni kutulia na kutazama watu. Muulizeni mapema na kwa swali la wazi, kwani akiulizwa kama atachoka atakataa, lakini akiulizwa angependa kuona nini atasema. Huenda ana mambo ya kumwonyesha mjukuu wake mkubwa kuhusu miti na ndege ambayo nyinyi hamyajui, na saa moja ya wawili hao peke yao itakuwa na thamani kubwa kwake.

Jambo moja nauliza: kwenye ubao wa kutelezea, si vema mdogo ateremke akiwa amepakatwa na mtu mzima? Ndivyo nilivyozoea kuona.

Muuguzi wa Watoto:
Mzee wangu, nia ni njema lakini hapo ndipo miguu ya watoto huvunjika. Mtoto akiteleza peke yake na kiatu chake kikakwama pembeni, mwili wake mwepesi husimama. Akiwa amepakatwa, uzito wa mtu mzima huendelea kushuka huku mguu umebaki nyuma, na mfupa hupinda hadi kuvunjika. Ni salama zaidi ateleze peke yake kwenye ubao mfupi, mtu mzima akisimama kando. Siku ya jua kali gusa ubao kwanza kwa nyuma ya kiganja, kwa kuwa chuma na hata plastiki huweza kuunguza ngozi ya mtoto.

Mpishi wa Nyumbani:
Mimi nina dogo tu. Chakula kinachoharibika kisikae nje ya baridi zaidi ya saa mbili, na joto likizidi nyuzi 32 basi saa moja. Bata nao msiwape mkate, hauwafai kwa lishe na mabaki huchafua maji.

Mama wa Wawili:
Nawashukuru nyote kutoka moyoni, hasa Babu, kwani leo nimemuuliza mama. Anataka kulizunguka bwawa taratibu asubuhi, yeye na binti yangu, jua likiwa bado pole, kisha aketi na asisumbuliwe hadi atakapoamka mwenyewe. Mume wangu atakwenda kuangalia njia na mti. Swali la mwisho: mvua ikitukuta, tubaki chini ya mti wetu?

Mtunza Bustani Mstaafu:
Mvua ya kawaida haina neno. Lakini mkisikia ngurumo, hata ya mbali, mti huo ndio mahali pa kwanza pa kuondoka, kwa sababu radi hupenda kupiga vitu virefu, na anayejikinga chini yake huweza kudhurika. Ingieni kwenye jengo imara au ndani ya gari lililofungwa vioo, wala msitegemee kibanda kilicho wazi pande zote. Subirini nusu saa tangu ngurumo ya mwisho kabla ya kurudi. Na kwa kuwa mama hatembei haraka, msingoje matone: mmoja wenu aanze kuondoka naye mara tu ngurumo ya kwanza inaposikika, wengine mkusanye watoto, na mikoba iachwe.