Dola 420 za kozi ya fizio ya akina mama, vitendo vyenyewe ni "mfanyie mwenzako". Mwenzangu nani??

Asalaam aleykum wanajukwaa. Leo sina salamu ndefu, nna hasira toka jana na nikinyamaza ntapasuka.

Mie fizio (mtaalamu wa tiba ya viungo), nko Pemba, spitali siitaji na hiyo kozi pia siitaji maana sitaki kesi. Huku kwetu mtu akisikia fizio anajua kiharusi, mguu uliovunjika, mgongo, basi. Mama anaevuja mkojo baada ya kuzaa au kizazi kimeanza kushuka anakwenda kwa nani? Anapewa pole anaambiwa ndo uzazi huo, stahamili. Nkasema basi nkasomee hii misuli ya sakafu ya nyonga, ile ya chini inayoshikilia kibofu na kizazi, nkaona tangazo mtandaoni, kozi ya Marekani, wiki 8, wameandika YA VITENDO kwa herufi kubwa kabisa na cheti mwisho. Pesa za simu hawapokei, kadi tu, ikabidi shemegi yangu wa Unguja anilipie kwa kadi yake na mie nkamrudishia kwa zamu yangu ya mchezo wa kazini, zaidi ya milioni hiyo.

Sasa sikilizeni. Somo la 3 mwalimu (na nisiwe mwongo, anajua, kuna mambo chuoni tuliyapita mbio yeye kayaeleza mpaka nikayaona) katuonesha utafiti wa 1991. Wanawake 47 walielezwa kwa mdomo tu jinsi ya kuibana hiyo misuli. Walioibana sawasawa hata nusu hawafiki, na robo walikuwa wanafanya kitu cha kuzidisha kuvuja, yaani wanasukuma chini badala ya kuvuta juu! Ndo maana, anasema, mtaalamu apime kwa kidole, aipe misuli alama toka 0 mpaka 5, asitegemee maneno. Na hata Kegel mwenyewe, yule daktari wa kwao aliyeandika habari za haya mazoezi 1948, alikuwa na kifaa cha kupimia mbano, hakuwa akisema "bana mama" akaenda zake. Sawa kabisa, nkaandika kwenye daftari nkapiga mstari.

Somo la 5, vitendo. Ni video. Nyonga ya plastiki, glavu, jeli, kidole kinaingia, hapa utahisi hivi, pale utahisi vile, halafu mwalimu anageukia kamera anatabasamu, "sasa mfanyie mwenzako".

Saa 8 za usiku, nimekaa kwenye mkeka, hedifoni masikioni asije mkwe wangu akaamka akasikia nnayoyasikiliza, mtoto kalala pembeni, na mlangoni yuko paka. Nimfanyie paka??

Yaani wametufunza kuwa maneno hayatoshi, na hilo wametufunza kwa maneno! Nkawaandikia, jamani hiki kitendo nakifanya wapi? Jibu, siku 2 za mikono zipo, ila ni huko huko kwao na malipo yake mbali. Hilo lilikuwa limeandikwa chini kabisa kwenye tangazo, maandishi kama miguu ya sisimizi.

Hiyo saa 8 usiku si kupenda kwangu, ndo saa yao ya magharibi na lazima uwepo na kamera iwe wazi, bando linaliwa kama karanga. Umeme ukakatika mara mbili katikati ya kipindi (wetu unakuja kwa waya wa chini ya bahari toka Tanga, ukikatika unawasha tochi unasubiri), mashine yao ikanihesabu sikuhudhuria. Jana ndo wameniletea, mahudhurio asilimia 71, inatakiwa 80, cheti hakuna. Nmeeleza, nmetuma na picha ya kiza, wamenijibu kwa barua ile ile wanayomtumia kila mtu, hata jina langu wamekosea.

Na hayo masomo yenyewe, wiki nzima tumefunzwa jinsi mzazi atakavyorudi kukimbia baada ya kujifungua. Kukimbia wapi? Hamna aliyegusa anaeinama kwenye mwani tangu maji kupwa mpaka kujaa, wala ndoo ya maji kichwani, wala choo cha kuchutama. Nkauliza kwenye chati kuhusu mkaja, kumfunga mzazi tumbo arobaini nzima, kunasaidia au kunasukuma kizazi chini? Nkapewa kile kikatuni cha kupiga makofi, wakaendelea.

Wiki iliyopita kaja mama mmoja, watoto sita, mkulima wa mwani. Akikohoa tu kanga imerowa, ameacha hata kwenda kwenye shughuli za watu. Kaniambia, "mwanangu, swala moja natia udhu mara tatu." Keshaambiwa kuwa mwenye udhuru kama wake atatia udhu kila wakati wa swala ukiingia aswali yamtoke yasimtoke, lakini moyo hautulii. Nkamwambia haya bana kama unazuia mkojo. Akazuia pumzi, mashavu yakajaa, tumbo likatoka mbele. Ile ile robo ya 1991, iko kitandani kwangu. Nmeona kabisa anasukuma, na hapo mkono wangu ukaishia maana haujafunzwa kitu zaidi ya hapo.

Na msije mkanambia mbona YouTube bure, najua, ndo inayoniuma.

Nataka mambo mawili. Kuna mtu aliwahi kudai pesa yake kwenye kozi za hivi akarudishiwa, alipita wapi, kwa benki au? Na mwenye kumjua fizio wa kike anaefanya hii kazi kwa mkono, Unguja au Dar, aje inboksi. Boti ntapanda mwenyewe, hata siku tatu nikae nyuma yake nitazame. Yule mama nimempa Jumatatu ya wiki ya pili.