Seva yangu ya FTP inabishiwa hodi usiku kucha, nifanyeje?

kibodi_kavu
Wakuu habari, naombeni msaada. Nina PC ya Windows 10 nimeweka FileZilla Server (programu ya seva ya FTP, njia ya kuhamisha mafaili kwenye mtandao) ili nikiwa safarini nivute mafaili yangu, nikafungua poti 21 (mlango wa FTP) kwenye rauta, mwezi mzima mambo safi. Jana nafungua logi nashtuka, kuna mtu au sijui roboti anajaribu kuingia kila baada ya sekunde chache, mara "admin" mara "root" mara "test", na IP zinabadilika badilika. Hajaingia (nadhani) maana paswedi yangu ni ndefu. La pili, folda ya picha kama elfu nane ndogo ndogo inachukua masaa, ila video moja yenye GB zilezile inapita chap. Programu mbovu ama mimi ndo nakosea?

nyaya_tatu
Roboti hao mkuu, wala hawakujui, wanazunguka intaneti nzima wakigonga kila poti 21 iliyo wazi. Ishu ni FTP yenyewe, RFC 959, waraka rasmi unaoieleza, ni wa 1985, jina na paswedi vinapita kwenye waya vikiwa uchi. Usiniamini mimi, washa Wireshark (programu inayoonyesha kinachopita kwenye waya) kwenye hiyo PC halafu ingia kwa FTP ya kawaida kutokea mashine nyingine, utaona mstari umeandikwa PASS na mbele yake paswedi yako ndefu yote, herufi kwa herufi. Sasa huo urefu umesaidia nini? Chrome na Firefox zenyewe zilishaitema FTP 2021. Funga hiyo poti leo leo, mengine baadaye.

mzee_wa_logi
Mbona mnamtisha kijana, weka poti 2121 basi. Mimi niko hivyo miaka na logi yangu iko kimya.

nyaya_tatu
Mzee wangu, hapo umewakwepa wale wavivu tu, mwenye kuskani poti zote anakukuta vilevile na paswedi bado iko uchi.

dada_tomino
Hamia SFTP, inapita ndani ya SSH (njia iliyosimbwa ya kuingia kwenye kompyuta nyingine) poti 22. Usichanganye na FTPS, ile ni FTP ileile imevalishwa TLS (usimbaji kama wa tovuti za https), sio mbaya ila kuipitisha kwenye fayawoli ni kero, mara poti ya amri mara lundo la poti za data. Windows 10 kuanzia toleo la 1809 OpenSSH Server unaiongeza kwenye Settings, sehemu ya vipengele vya hiari. Tengeneza ufunguo wa kuingilia badala ya paswedi kwa `ssh-keygen -t ed25519`, yanatoka mafaili mawili, ule wa .pub ndo unaenda kwenye PC, wa siri usitoke kwenye laptop yako. Ukishaona ufunguo unaingia NDIO uandike `PasswordAuthentication no` (kuzima kuingia kwa paswedi) kwenye sshd_config, faili la mipangilio ya seva ya SSH.

Na kuna mtego umenila siku mbili nzima: akaunti ikiwa ya admin, ufunguo hausomwi kwenye folda yako, unasomwa kwenye `C:\ProgramData\ssh\administrators_authorized_keys`. Bora utumie akaunti ya kawaida uifungie kwenye folda moja kwa ChrootDirectory.

Picha zako, FTP inafungua njia mpya ya data kwa kila faili, yaani wanasalimiana upya mara elfu nane. Zifunge kwenye zip moja bila hata kuzibana (jpg zimeshabanwa) uvute mara moja. Au kwenye FileZilla ya upande wa laptop ongeza faili zinazopita kwa pamoja, inakuja na 2, inafika 10.

kibodi_kavu
Poti 21 nimefunga. Ila ufunguo umegoma, Permission denied tu, na nilikuwa na kiherehere nikaanza na ile "no" kabla ya kujaribu 😅

dada_tomino
Faili la ufunguo umeliandika kwa Notepad? Washa kuonyesha viishio vya majina uone linaitwaje.

kibodi_kavu
Aisee!! administrators_authorized_keys.txt 🤦 nimetoa hiyo .txt imeingia hapohapo. Picha zote kwenye zip dakika sita.

nyaya_tatu
Safi. Sasa ingia kwenye ile laptop ufute paswedi za zamani za FileZilla, kama hukuweka paswedi kuu zimekaa kwenye sitemanager.xml kwa base64 tu (maandishi yamegeuzwa umbo, hayajafichwa), mtoto anazifungua. Na kama hiyo paswedi ndefu unaitumia pengine, kaibadilishe huko pia.

kibodi_kavu
Dah, ndo ya email yangu. Nakuja.