Pete ya silva yenye kito kwa mama, nichukue jiwe gani?

Kitindamimba:
Habari zenu wakuu, naomba msaada. Mama anatimiza miaka 60 mwezi ujao na nataka nimpe pete ya silva yenye kito. Nimeona moja ya opali, yani ukiigeuza kwenye mwanga rangi zinacheza, kijani mara nyekundu, nimeipenda sana. Ila mama sio mtu wa kuvua pete, ile ya ndoa anafua nayo, anapalilia bustani nayo, analala nayo. Sasa hii itadumu kweli? Na silva halisi naijuaje, na saizi naipataje bila yeye kushtuka?

Sonara Mstaafu:
Kijana, kwa mikono hiyo opali achana nayo. Ugumu wa mawe unapimwa kwa kipimo cha Mohs, 1 mpaka 10, almasi ndo 10. Opali inacheza kwenye 5.5 mpaka 6.5, na vumbi hili la kawaida lina chembechembe za madini ya kwatzi ambayo ni 7, kwa hiyo kila siku linaikwaruza kidogo kidogo mpaka mng'ao unakufa. Chukua amethisti (7), topazi (8), ukijaliwa yakuti ya bluu (9). Na uangalie jiwe limeshikwaje, vile vikucha vya kulishikilia vinanasa nguo na vikilegea jiwe linaondoka, bora lililozungushiwa ukingo wa silva pande zote.
Silva tafuta muhuri wa 925 kwa ndani, yani sehemu 925 kati ya 1000 ni silva yenyewe, zinazobaki mara nyingi ni shaba maana silva tupu ni laini mno. Muhuri unaweza kughushiwa, kwa hiyo jaribu na sumaku, ikinasa hiyo sio silva. Ila isiponasa usishangilie, shaba nayo hainasi. Mpelekee sonara unayemwamini aipime.

Mama Wawili:
Sikiliza huyo mzee, mdogo wangu. Mimi mume wangu alininunulia ya lulu, sikujua kwamba lulu huwa inagandishwa kwa gundi kwenye kijiti. Siku nafua natoa mkono kwenye povu, naona kijiti kimesimama peke yake. Nilimwaga beseni lile kwa kikombe, kikombe kimoja kimoja, sikuiona, nililia jamani.
Saizi tumia mjukuu, amzungushie bibi uzi kidoleni kama mchezo, uzi upite kwenye kifundo usikwame, pima urefu wake kwa milimita gawanya kwa 3.14 unapata kipenyo. Fanya jioni vidole vikiwa vimejaa kidogo, asubuhi ya baridi vinakuwa vyembamba utadanganyika.

Kitindamimba:
Pole sana dada. Basi opali naiacha japo moyo unauma, naenda na amethisti maana ni ya zambarau, na zambarau ndo rangi ya mama. Silva si itakuwa nyeusi lakini?

Sonara Mstaafu:
Itafifia, salfa ya hewani ndo inafanya hivyo, sio kwamba umeuziwa feki. Maji ya vuguvugu, sabuni kidogo, kitambaa laini basi. Dawa ya meno hapana, inakwaruza. Na akitia blichi kwenye nguo hapo kweli aivue, mwambie siku ileile unampa.

Kitindamimba:
Nitamwambia, mzee wangu. Mjukuu kashapewa uzi, nasubiri jioni.