Tupeane uzoefu: gari kukufia njiani huku Dodoma, na hizi waranti za kuongeza

Zabibu Kavu
Wakuu, salaam. Nipo kwenye hatua za mwisho kuchukua gari yadi, imetoka Japani, haijapigwa namba bado. Bei tumeelewana. Tumefika kwenye makaratasi kijana ananitolea fomu nyingine: waranti ya kuongeza, mwaka mzima, injini na gia boksi, pamoja na "huduma ya dharura njiani". Anataka laki nane na nusu juu ya bei. Anasema wateja wote wanaojielewa wanachukua.
Kazi yangu ni ya kuzunguka wilayani. Leo Mpwapwa, kesho Kondoa, Manyoni, mara Iringa kwa kupitia Mtera. Waliowahi kufiwa na gari njia hizi mlisaidiwa na nani? Na kuna mtu humu waranti ya namna hiyo iliwahi kumlipa? Nadharia sitaki, ninazo za kutosha.

Tairi Upara
Ngoja waje wenye magari. Sisi wa bodaboda tumekaa pale nyuma tunasoma.

Kiberenge
Umenikumbusha Pandambili. Natoka Moro, jua limezama, nikaona taa zinafifia kama mshumaa unaoishiwa nta. Redio ikakata. Nikajua alteneta haichaji, nakula betri tu. Nikazima kila kitu, nikajikongoja nyuma ya lori kwa taa zake mpaka injini ikazima kabisa.
Aliyenisaidia ni dereva wa Fuso la mahindi. Kapiga simu Kibaigwa, akaja fundi kwa bodaboda na begi la spana. Kafungua alteneta pale pale pembeni ya lami, simu kaing'ata mdomoni imulike. Kaboni zimeisha. Akatoa za alteneta nyingine mfukoni, akazisugua kwenye lami zipungue unene, akafunga. Tukabusti betri kwa Fuso, gari ikawaka. Hela aliyotaka ni ndogo mno, niliona aibu kuomba anipunguzie. Hakuna aliyeniuliza habari ya waranti.

Dada wa Ilazo
Mafundi wa Kibaigwa Mungu awabariki. Mimi walinifungia fan beti usiku na wakanisindikiza hadi nje ya mji.

Mwana Bahi
Wewe na Kiberenge mna nyota. Hao hao mafundi wenu mimi waliniambia hedi gasketi imeungua, wakataka kushusha injini. Nikakataa. Nimefika mjini fundi mwingine anaangalia, kumbe hosi ya rejeta imepasuka tu. Mpira wa bei ya sahani ya chipsi!

Dada wa Ilazo
Kila kijiji kina fundi na kina tapeli kaka. Ndiyo maisha.

Mkwe Mwema
Nilisema hii stori sitaisimulia tena lakini acha nikusaidie mleta uzi.
Mimi nilinunua gari ya CVT, aina ya gia otomatiki, huko Dar, yadi siitaji, na waranti nikapewa, tena ya gia boksi. Kadi ina namba ya dharura, imeandikwa saa 24. Siku hiyo natoka Iringa na mama mkwe, namleta kwa mwanae kumwangalia mjukuu. Mtera tukasimama, akanunua perege ndoo nzima. Tumeiacha Mtera nyuma, gari ikaanza: nakanyaga mafuta, injini inalia, mshale wa mizunguko unapanda, gari haiendi. Baadaye ikasimama kabisa. Porini. Jua la saa nane.
Mtandao unakuja na kukata. Napiga namba ya dharura, anapokea dada mwenye sauti nzuri. "Upo mtaa gani?" Namwambia dada yangu hapa hakuna mtaa, nipo kati ya Mtera na Fufu. "Nitajie alama kubwa iliyo karibu." Nikamtajia mbuyu. Akaandika! Nilimsikia anaandika. Halafu akasema bredauni inatoka Dar, itafika kesho, wao wanalipia kilomita 50 za mwanzo, zilizobaki najilipia mwenyewe. Kilomita 50 kutoka Dar hata Chalinze ya Pwani hujaiona.
Likapita Fuso la vitunguu. Dereva muungwana, akasema mnyororo anao, tufunge twende. Tukafunga. Sasa wanaojua wanajua: injini ikiwa imezima, breki inakuwa ngumu kama unakanyaga ukuta na usukani unakuwa mzito balaa. Tambarare tulienda vizuri. Tukakuta mteremko. Fuso linashuka, mnyororo unalegea, mimi namfuata matako yake. Napiga honi, hasikii. Tandiboi kakaa juu ya magunia ananionyesha dole gumba, anadhani namsalimia. Mama mkwe kaanza pambio.
Mbele ng'ombe. Kundi zima linavuka barabara na mtoto mmoja mwenye fimbo, hana haraka na mtu. Fuso likapiga breki. Mimi breki ya miguu yote miwili, hendibreki nimevuta mpaka kishikio kikabaki mkononi. Harufu ya kuungua, ndoo ikaruka, perege wakafika mpaka kwenye dashibodi. Tulisimama show ya mbele imeingia chini ya bodi la Fuso, taa moja imepasuka, kioo cha mbele kimebakiza kama shubiri kiguswe na chuma.
Mama mkwe alifungua mlango, akashuka, akajifunga khanga upya, akaenda kupanda mbele kwenye Fuso. Hakusema neno. Mpaka Dodoma aliishi huko.

Tairi Upara
Hahahaaa mbuyu kaandika!! 😂

Nyota ya Haneti
Pole sana mkuu. Mama mkwe bado anakuja kwako?

Mkwe Mwema
Anakuja. Kwa basi.

Kuku wa Ikungi
Na perege?

Mkwe Mwema
Watu mnauliza perege hamuulizi gia boksi! Nimeipeleka gari Dar juu ya lori kwa hela yangu. Fundi wao akachunguza, jibu likaja kwa barua pepe: gari ilivutwa magurudumu yakiwa chini, hilo ni kosa la mteja, waranti haihusiki. Na mstari wa pili: sevisi ya mwisho haikufanywa gereji waliyoiidhinisha. Hiyo gereji ipo Dar. Nitoke Dodoma niendeshe kilomita 450 kwenda kumwaga oili?

Fundi Mkorofi
Mtanichukia ila hilo la kuvuta wako sahihi. Otomatiki yoyote, na CVT ndiyo zaidi, pampu ya gia boksi inazungushwa na injini. Injini ikizima pampu imekufa, mafuta hayapandi, halafu magurudumu yanazungusha vyuma vya ndani vikavu. Kilomita chache tu umeshaua. Gari ya kuvuta kwa mbele inyanyuliwe magurudumu ya mbele, la sivyo ipande yote mgongoni mwa bredauni. Foo wili ndiyo usiguse kabisa, mgongoni tu. Gia manyo weka nyutro, hiyo haina maneno sana.

Mkwe Mwema
Fundi, gia boksi ilishakufa kabla ya mnyororo. Maiti unaiuaje mara ya pili?

Fundi Mkorofi
Mimi nakuelewa. Lakini utathibitisha na nini? Ungepiga picha na video kabla ya kuvutwa: mshale unapanda gari haiendi, kilomita zinaonekana, na taa ya injini imewaka. Halafu umpigie yule dada wa mbuyu umwambie nafungwa mnyororo, unaruhusu au huruhusu? Ukatae kuvutwa ulale porini, au ukubali upoteze waranti. Ndivyo walivyoitega hiyo karatasi.

Dada wa Ilazo
Ulale porini na mama mkwe. Nani atakubali?

Kuku wa Ikungi
Mimi wa Singida njia yangu ni Saranda. Mkitoka Kintinku mnaanza kupanda kwenda Manyoni, gari nyingi zinachemka pale hasa zenye rejeta iliyoziba. Ukiona mshale unapanda zima AC, washa hita mpaka mwisho, fungua vioo. Hita inanyonya joto la injini. Nimepita hivyo hivyo mpaka Manyoni.

Tairi Upara
Uwashe hita Kintinku saa saba mchana? Mkuu utafika injini nzima, wewe umeiva.

Mwana Bahi
Dawa ya kuchemka ni kutoa themostati, kile kidude kinachozuia maji yasiende rejeta mpaka injini ipate joto. Mimi nimetoa mwaka wa ngapi huu, gari haijawahi kuchemka.

Fundi Mkorofi
Haya ndiyo yanayotupa kazi. Themostati ukiitoa injini inachelewa kupata joto lake, inakula mafuta, na oili inachafuka mapema. Aliyekutolea alishindwa kutafuta tatizo akaondoa kipimo. Rejeta imeziba, pampu ya maji imechoka, feni haiwaki, anakutolea themostati!

Mwana Bahi
Fundi wa kwenye simu huyo. Magari ya Japani yametengenezwa kwa baridi ya kwao. Huku ni jangwani. Huku hakuna haja.

Fundi Mkorofi
Land Cruiser ngapi zipo huku na themostati zao? Nenda gereji yoyote ya serikali uulize kama wanatoa.

Mwana Bahi
Gari yangu, hela yangu, themostati yangu.

Kiberenge
Jamani fungueni uzi wenu wa themostati. Mimi naongeza moja tu: ikichemka usifungue mfuniko wa rejeta ya moto. Jirani yangu ana kovu toka shingoni mpaka kifuani. Na usimwagie injini ya moto maji ya baridi, hedi inaweza kupasuka. Kaa kivulini, kula embe, subiri.

Nyota ya Haneti
Kwenye waranti mnachanganya vitu viwili. Mradi wetu ulikuwa na pikapu mpya kutoka kwa wakala, na waranti ya kiwandani, miaka 3 au kilomita 100,000, kinachotangulia. Njia ya Kondoa hapo Kolo pampu ya dizeli ikakata. Wakala kabadilisha bila senti, ila kitabu cha sevisi kilikuwa na mihuri yao yote. Hiyo inasimama kwa sababu kiwanda kipo nyuma yake. Waranti ya yadi kwenye gari iliyokwisha kutembea Japani miaka kumi na kitu ni ahadi ya muuza gari na mfuko wake. Yadi ikifungwa, imefungwa na ahadi.

Karani wa Bima
Naongezea kidogo kwa sababu watu wanakuja ofisini wamekasirika. Bima kubwa inalipa ajali, moto na wizi. Injini iliyochoka au gia boksi iliyokufa yenyewe bima kubwa hailipi. Bima ndogo ndiyo kabisa, hiyo ni ya uliyemgonga. Bima kubwa nyingine zina kipengele cha kuvutwa, lakini soma, mara nyingi ni baada ya ajali na kina kiwango cha mwisho.
Na kwa mleta uzi: hata bila waranti ya kulipia, ukiuziwa kitu kwa maneno ya uongo Sheria ya Ushindani ya 2003 ina sehemu ya kumlinda mlaji. Malalamiko yanapelekwa Tume ya Ushindani, FCC.

Mkwe Mwema
Nilifikiria hiyo. Mke akasema tuendelee na maisha.

Niko Ughaibuni
Wakuu huku Marekani hizi waranti ni biashara kubwa na kelele zake ni kubwa. Mwaka 2024 kampuni moja maarufu, CarShield, ilikubali kulipa dola milioni 10 kumaliza madai ya tume yao ya biashara, FTC, kwamba matangazo yake yanapotosha. Watu waliamini kila kitu kinalipiwa. Mikataba mingi huku ina kipindi cha kusubiri, kawaida siku 30 na maili 1,000, ndipo uanze kudai. Kitu kinachochakaa, breki, klachi, havimo. Tatizo lililokuwepo kabla halimo. Zabibu Kavu soma ukurasa wa visivyolipiwa kwanza, wa vinavyolipiwa baadaye.

Tairi Upara
Marekani yako haina ng'ombe wa Fufu.

Niko Ughaibuni
Ina swala. Wanaruka usiku.

Semi Tela
Dereva wa semi hapa, naenda mpaka Rusumo kila siku za Mungu. Wenye magari madogo mnatuudhi: gari imekufa konani, umeweka tawi la mti mita tano nyuma, taa hamna. Sekenke nimeona kichwa cha semi kikimkwepa mtu wa hivyo, mzigo wote ukalala. Weka pembetatu mbali, abiria washuke wakae nje ya barabara upande wa juu. Kuhusu waranti sijui lolote. Kampuni inalipa.

Dada wa Ilazo
Au mpande treni ya SGR, tangu 2024 ipo mpaka Dodoma, mlale usingizi.

Kuku wa Ikungi
SGR inafika Kondoa dada?

Zabibu Kavu
Nimerudi wakuu. Leo nimemfuata kijana na maswali: nani analipia kuvuta kutoka Manyoni, gari inavutwa kwa namna gani, na gereji ya kufanyia sevisi iko wapi. Kapiga simu kwa bosi wake, kakaa nje muda mrefu. Karudi anasema huduma ya dharura kwa sasa ni Dar na Pwani, "Dodoma tunakuja". Akashusha waranti mpaka laki nne. Nikamwambia hata bure siichukui kama inanilazimisha sevisi Dar. Akashusha bei ya gari laki tatu, nikasaini ya gari tu.

Karani wa Bima
Hapo umefanya biashara.

Mwana Bahi
Hiyo laki nane na nusu iweke pembeni mke asijue.

Nyota ya Haneti
Mke ajue. Siku gari ikifa Kolo ndiye atakayekutumia hela.

Fundi Mkorofi
Kabla hujatoka nayo nje ya mji badilisha kulanti (maji ya rejeta), mikanda yote, na hosi zote za rejeta, hata kama zinaonekana nzima. Mpira wa miaka 15 hauonyeshi uso. Gia boksi kama ni CVT tia mafuta yake yenyewe, usikubali hidroliki ya kawaida ya kwenye dumu.

Zabibu Kavu
Sawa fundi. Sasa naomba namba za bredauni za kubeba mgongoni. Kibaigwa nimepata, Kondoa nimepata. Manyoni sina mtu.

Kuku wa Ikungi
Nimekutumia inboksi. Mwambie umeelekezwa na mtu wa asali, la sivyo atakupiga bei ya mgeni.