Intavyu ya raundi tatu na kampuni ya Ujerumani, mimi niko Mombasa: wanapima nini hasa?

mwana_kisauni
Assalam aleikum ndugu zangu. Kuna kampuni ya Ujerumani inayotafuta mhandisi wa programu wa kufanya kazi akiwa nyumbani. Usaili ni raundi tatu kwa video: nusu saa ya kujuana, dakika 45 za kuandika msimbo huku msaili anatazama, kisha saa moja ya kusanifu mfumo. Natumia Python. Kuandika programu ikafanya kazi naweza. Nataka kujua msaili hutoa alama kwa jambo gani, na watu huanguka wapi. Raundi ya pili ni Januari, siku ya Jumanne, 10:00 kwa saa za Berlin.

fundi_nyali
Wa aleikum salaam. Raundi ya pili watu huanguka katika dakika tano za mwanzo. Swali halijaisha kusomwa, mtu keshaanza kupiga kibodi.

Chukua swali ambalo huulizwa sana: umepewa orodha ya namba, tafuta mbili zinazojumlika kuwa 8. Kabla ya kuandika chochote, uliza: orodha yaweza kuwa tupu? Namba hasi zimo? Zikirudiwa je? Nirudishe namba zenyewe au nafasi zake? Orodha ni ndefu kiasi gani? Hilo la mwisho ndilo linaloamua njia. Ukilinganisha kila namba na kila mwenzake, orodha ya namba 100,000 ina jozi karibu bilioni 5, na Python itakuchukua dakika nyingi. Ukipita mara moja tu, ukiweka ulizokwisha kuziona kwenye kamusi (dict ya Python, inayopata kitu bila kupekua orodha nzima), ni hatua 100,000 na jibu latoka papo hapo.

Na hapo pana mtego. Ukijaza kamusi yote kwanza halafu ndipo utafute, kwenye [4, 9, 2] programu itakwambia 4 na 4, ilhali 4 ni moja tu: imejijumlisha na nafsi yake. Tafuta kwanza, weka baadaye. Kisha ifuatilie kwa mkono mbele ya msaili kwa [4, 9, 4]: 4 ya kwanza haikuti kitu, inawekwa, 9 yatafuta -1, hakuna, inawekwa, 4 ya pili yamkuta mwenzake nafasi ya 0 (Python huhesabu nafasi kuanzia 0). Jibu ni 0 na 2. Kufuatilia huko kwa sauti kuna uzito kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu msaili anaona unavyokamata kosa lako mwenyewe. Tenga dakika 10 za mwisho kwa kazi hiyo.

BintiMjiWaKale
Raundi ya tatu, kaka, ukiachiwa uchague mfano, chagua malipo ya M-Pesa. Lakini Mjerumani huenda haijui, kwa hivyo mweleze kwa sentensi mbili kabla ya kuchora.

Kiini ni hiki: ukituma ombi la STK Push (lile linalomtokea mteja kwenye simu aweke PIN), jibu la papo hapo lasema ombi limepokelewa tu, halisemi mteja amelipa. Wapewa CheckoutRequestID, yaani kitambulisho cha ombi hilo. Matokeo huja baadaye kwenye anwani ya seva yako, na ResultCode (namba ya matokeo): 0 amelipa, 1032 ameghairi. Ukiandika "amelipa" kwenye lile jibu la kwanza, umetoa bidhaa bure. Basi muamala uanze na hali ya "unasubiri". Matokeo yasipofika, seva iulize yenyewe hali ya muamala. Yakifika mara mbili, usimhesabie mteja mara mbili: angalia kama CheckoutRequestID hiyo imeshashughulikiwa kabla ya kuongeza salio.

Na pesa usizitunze kwa namba za desimali za kawaida. Python, 0.1 + 0.2 ni 0.30000000000000004. Tunza senti kwa namba kamili.

fundi_nyali
Dada, yote sawa ila "angalia kabla" haitoshi, na msaili mzuri atambana hapo. Taarifa mbili zikiingia kwa wakati mmoja, zote mbili zitaangalia, zote zitakuta hakuna kitu, zote zitaongeza salio. Sharti la upekee (thamani isijirudie) liwe ndani ya hifadhidata yenyewe, kwenye safu ya CheckoutRequestID, na kuongeza salio kuwe katika muamala uleule wa hifadhidata (yote yafanyike pamoja au yasifanyike kabisa). Ya pili itakataliwa na hakuna kitakachoharibika.

BintiMjiWaKale
Kweli kabisa, nashukuru kwa kusahihisha.

mpwani_likoni
Niongeze la saa, maana hakuna aliyeligusa. Januari Berlin iko nyuma yetu kwa saa mbili, kwa hivyo 10:00 yao ni saa sita mchana hapa. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi ya mwisho ya Oktoba tofauti ni saa moja, sisi hatubadilishi. Ukijibu barua pepe andika 12:00 na uongeze "Mombasa, UTC+3".

Saa sita maana yake adhana ya adhuhuri itakukuta katikati. Kama msikiti uko karibu, kaa chumba kisichoelekea huko na utumie spika za masikioni zenye maiki. Feni isielekee kwenye maiki. Huvuma kuliko unavyoisikia. Ukipangiwa Ijumaa saa hizo, omba wakati mwingine mapema, si jambo la kuona haya.

Stima ikipotea laptopu itabaki, ruta itazima. Nunua UPS ndogo (betri ya akiba) ya ruta, lakini soma volti kwenye adapta kwanza: nyingi ni 12, zingine 9. Simu iwe na bando na iwe imeshaunganishwa na laptopu tangu asubuhi.

mwana_kisauni
Shukran sana. Na nikikwama kabisa katikati ya zile dakika 45?

fundi_nyali
Usinyamaze. Andika ile njia ya polepole ikamilike, sema wazi kwamba ni ya polepole na kwa nini, kisha taja mstari unaokula muda. Mara nyingi msaili atakudokeza hapo hapo. Kipokee kidokezo, kirudie kwa maneno yako, uendelee. Na kabla hamjaanza muulize kama kutafuta nyaraka za Python kunaruhusiwa.