Mrejesho: gumzo katika kundi letu la wahariri

Mwezi uliopita niliomba ushauri kuhusu kundi letu la WhatsApp la wahariri wa Wikipedia ya Kiswahili hapa Nairobi, ambamo salamu za asubuhi, mpira na michango ya harusi vilikuwa vimefunika maswali ya kazi, hata mhariri mgeni aliyeuliza namna ya kuweka marejeo katika makala ya Mto Athi akakaa siku nne bila jibu. Mlinishauri nisimwondoe mtu, bali nitenge mahali pa mazungumzo. Nawashukuru sana.

Nilifungua kundi la pili tukaliita Barazani. Kabla ya kulitangaza nilimpigia simu mwalimu mmoja mstaafu, ambaye kila alfajiri hututumia picha ya waridi na aya, kwa kuwa sikutaka asome tangazo akadhani limemlenga. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, mimi huamka peke yangu, nikiona mmeitikia, siku yangu imeanza." Maneno hayo yalinigusa. Sasa waridi hufika Barazani, nami huitikia mapema.

Wikipedia yenyewe ina kanuni kwamba si mtandao wa kijamii, lakini humruhusu mhariri kujitambulisha kwa ufupi katika ukurasa wake. Nasi tumefuata kipimo hicho cha kuruhusu machache ya binafsi: gumzo huenda Barazani, lakini tanzia na pole hubaki katika kundi la kazi. Uwezo wa kufuta ujumbe nimeutumia mara mbili tu, zote kwa matangazo ya mikopo. Usiku wa mechi bado watu huchanganya makundi, nami humwandikia mhusika faraghani.