Naomba ushauri: namba 4294967297 nawaelezaje madogo wa form two?

Wakuu habari zenu, naomba msaada kwa wale wa hesabu. Nafundisha tuisheni na tuko kwenye namba tasa, nataka niwaonyeshe 4294967297, yaani 2 kipeo cha 32 jumlisha 1. Mwanahisabati Fermat aliamini ni tasa maana 3, 5, 17, 257 na 65537 za mtindo huohuo (2 kipeo cha 1, 2, 4, 8 na 16, jumlisha 1) zote ni tasa kweli, ila mwaka 1732 mwanahisabati mwingine, Euler, akaonyesha inagawanyika kwa 641, unapata 6700417 bila baki. Kwangu hili ni bonge la somo, mifano mitano haijathibitisha kitu.

Sasa shida yangu ipo hapa, kila kigawo tasa cha hii namba ukikigawa kwa 64 lazima kibaki 1, kwahiyo unajaribu tasa zenye baki hiyo tu: 193, 257, 449, 577 halafu 641 hiyo hapo! Hiyo sababu ya 64 nawaelezaje madogo ambao hesabu za mabaki hawajawahi hata kuzisikia? Au niiache tu, nionyeshe kwamba 641 inaigawa kwa kutumia kwamba 641 ni 5×128+1 (yaani 5×2⁷+1) na pia ni 625+16 (yaani 5⁴+2⁴)? Mwenye njia nyepesi ya ubaoni anisaidie jamani, kipindi ni jumamosi.